GHARAMA YA GOTI

Akitajwa mkimbiaji wa mguu wa bandia, wengi humkumbuka Oscar Pistorius wa Afrika Kusini na ile miguu yake iliyopinda kama mundu. Lakini Pistorius alikatwa chini ya magoti. Magoti aliyozaliwa nayo alibaki nayo. Juma hili nataka tuwazungumze wale ambao goti lenyewe limekwenda, maana historia yao ni nyingine kabisa.

Tupime kwa saa. Katika Paralimpiki ya London mwaka 2012, Jonnie Peacock wa Uingereza, aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti, alishinda mita 100 kwa sekunde 10.90. Katika michezo hiyo hiyo Heinrich Popow wa Ujerumani, aliyekatwa mguu mmoja juu ya goti, alipata dhahabu ya kundi lake kwa sekunde 12.40. Sekunde moja na nusu! Hiyo ndiyo bei ya goti.

Sababu ni nini? Sisi wenye magoti hatuyafikirii. Mtu akikimbia, goti hujikunja, hujikunjua na kukaza kabla unyayo haujagusa ardhi, na mwenyewe wala hana habari. Goti la bandia halina msuli. Aliyekatwa pajani hukirusha kigutu chake mbele kwa nguvu za nyonga, kisha hukivuta nyuma ghafla ili goti linyooke. Likichelewa, mguu ukatua nalo bado limekunjika, basi mtu yuko chini. Na hesabu hiyo huifanya katika kila hatua, mbio nzima.

Paralimpiki ilianza Roma mwaka 1960 kwa watu wa viti vya magurudumu peke yao. Waliokatwa viungo walifunguliwa mlango mwaka 1976 huko Toronto. Miaka minne baadaye, katika Kanada hiyo hiyo, kijana Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya saratani, alikimbia siku 143, jumla ya kilomita 5,373, akichangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Maradhi yakamrudia njiani, akafariki mwaka 1981. Ukizitazama picha za mbio zake utaona anaruka mara mbili kwa mguu mzima, ili ule wa bandia upate nafasi ya kufika mbele. Ni ushujaa ambao sijui nani angeuiga, lakini kwa mbio fupi haufai. Huwezi kwenda kasi huku unausubiri mguu wako.

Kazi ikawa kuondoa ule mruko. Mmarekani Todd Schaffhauser, naye amekatwa juu ya goti, alitwaa dhahabu ya mita 100 mjini Seoul mwaka 1988 akikimbia mguu mmoja baada ya mwingine, kama wewe na mimi. Mambo mawili yaliwasaidia watu wa kizazi chake: goti lenye silinda ya mafuta, linalouzuia mguu usipepee ovyo, na unyayo wa nyuzi za kaboni uliobuniwa na Van Phillips, Mmarekani ambaye mwenyewe alipoteza mguu mwaka 1976.

Wapo walioamua kulitupa goti kabisa. Mwingereza Richard Whitehead, asiye na miguu yote miwili, hukimbia kwa miguu isiyokunjika hata kidogo, akiizungusha kwa pembeni. Alikuwa mtu wa maratoni, ila London haikuwa na maratoni ya kundi lake, na ombi lake la kukimbia na kundi jingine likakataliwa. Uamuzi huo mimi naona ulikuwa wa kimakaratasi mno. Basi akageukia mita 200. Kwenye kona aliachwa nyuma. Waliponyoosha akawapita mmoja mmoja, akashinda kwa sekunde 24.38, rekodi ya dunia.

Kwa wanawake, mabingwa ni Waitalia. Tokyo, mwaka 2021, walizoa medali zote tatu za mita 100: Ambra Sabatini, msichana wa miaka 19 aliyepoteza mguu mwaka 2019 kwa ajali ya pikipiki, kwa sekunde 14.11, Martina Caironi wa pili, na Monica Contrafatto, askari aliyejeruhiwa Afghanistan, wa tatu. Mwaka 2023 Sabatini akashuka hadi 13.98.

Kisha ikaja Paris, Septemba 2024. Sabatini, mwenye rekodi hiyo, alianguka hatua chache kabla ya utepe, na Contrafatto akaanguka pamoja naye. Dhahabu ilikwenda kwa Caironi, kwa sekunde 14.16.