Maandishi Yaliyosogezwa Kweli

Wanafunzi wetu hapa Rusizi, ambako wengi bado huita Cyangugu, huuliza kwa nini twasema "kusogeza" maandishi ya kompyuta ilhali hakuna mtu anayesukuma kitu. Swali ni zuri. Miaka ishirini kabla ya Jambo OpenOffice kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, maandishi yalisogezwa hasa, herufi moja moja.

Tuchukue Commodore 64 ya mwaka 1982. Kioo chake kilikuwa na mistari 25 ya herufi 40. Programu ya mawasiliano ilipopokea mstari mpya kupitia simu, prosesa ilinakili herufi 960, pamoja na rangi zake 960, mstari mmoja juu. Kazi hiyo ilimaliza karibu sehemu ya hamsini ya sekunde, yaani muda uleule ambao runinga za Ulaya zilichora picha moja. Mwale wa runinga ukaikuta kazi nusu: huku mapya, kule ya zamani. Ndipo kioo kikapepesa.

Dawa ilikuwa kuweka kurasa mbili katika kumbukumbu. Iliyofichwa iliandaliwa kwanza, kisha zikabadilishana wakati mwale unarudi juu. Rangi ziligoma, kwani kumbukumbu yake ilikuwa moja tu. Waliotumia rangi moja walisalimika.

BBC Micro ya mwaka 1981 ilikuwa na njia nzuri zaidi, kwa maoni yetu. Haikunakili kitu, ilibadili tu anwani ya mwanzo wa picha. Kwa mashine hiyo, kilichosogea ni dirisha, si maandishi.