Vumbi jekundu na feni: historia ya vipoza vya kompyuta Embu na Meru

Kompyuta ya mezani ya IBM iliyotoka mwaka 1981 haikuwa na chochote juu ya prosesa yake. Intel 8088 ilitumia umeme kidogo, na joto lake liliishia hewani bila msaada. Kufikia 486DX2 ya mwaka 1992, kipande cha alumini chenye meno kilikuwa kimeanza kubandikwa juu ya prosesa. Mwaka uliofuata ikaja Pentium ya kwanza, yenye joto la wati 15 hivi, na feni ikawa sehemu ya kawaida ya mashine.

Tangu hapo ubora wa kipoza umekuwa mada ya vipimo na majedwali yasiyokwisha, na karibu yote hutoka Ulaya, Marekani na Asia. Vipimo hivyo vina thamani kubwa. Hata hivyo, vimefanywa katika vyumba visivyo na vumbi la Runyenjes wala joto la Kiritiri, na anayenunua kompyuta Embu au Meru anastahili kujua namna ya kuvisoma.

Tuanze na tukio lililowafumbua macho wengi. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware, iliyoanzishwa na daktari Mjerumani Thomas Pabst, ilitoa filamu fupi ya jaribio rahisi: kompyuta inafanya kazi, kisha mtu anang'oa kipoza. Pentium 4 ilipunguza mwendo na kuendelea kuishi. Athlon ya AMD ilitoa moshi na kufa papo hapo. Kabla ya hapo wanunuzi wengi walikichukulia kipoza kama kifuniko tu. Baada ya hapo ilieleweka kwamba uhai wa prosesa uko mikononi mwa kipande cha chuma cha bei ndogo, na kwamba prosesa isiyojua kujilinda haina muda wa kumsubiri fundi.

Intel nayo ilifikiwa na joto kwa njia nyingine. Mwaka 2004 Pentium 4 za kizazi kilichoitwa Prescott zilifika wati 115, zaidi ya mara saba ya Pentium ya kwanza. Kipoza kilichokuja nazo kilikuwa cha mviringo, alumini yenye moyo wa shaba nyekundu, kikishikiliwa na pini nne za plastiki. Fundi yeyote aliyezishika pini hizo anazijua. Moja ikilegea, kipoza kinainama upande mmoja, grisi ya kupitisha joto inaachana na chuma, na mashine inajizima kila baada ya dakika chache huku mwenyewe akishuku virusi. Mwezi Mei mwaka huohuo Intel ilifuta mradi wa Tejas, prosesa iliyokusudiwa kumrithi Prescott. Julai 2006 ikatoa Core 2 Duo, ambayo nyingi zake zilikuwa za wati 65, na mbio za kuongeza joto zikapoa kwa miaka kadhaa.

Historia hii ilifika kwetu kwa kuchelewa, imepakiwa kwenye makontena. Ofisi za Uingereza zilipobadilisha mashine zao, zile za zamani ziliuzwa Kenya kama mitumba, na jina la "ex-UK" likaenea madukani. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilichukua kompyuta zilizotumika, likazikarabati na kuzipeleka shuleni. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, chenye makao yake Meru, kilipata hati mwaka 2006. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na intaneti ya nchi nzima ikaanza kubadilika. Kisha serikali ikahamishia huduma mtandaoni: eCitizen, iTax, maombi ya mikopo ya HELB, uteuzi wa vyuo kupitia KUCCPS. Saiba ikawa ofisi ya umma isiyo rasmi, na kompyuta zake zikawa zinawashwa asubuhi na kuzimwa usiku, siku sita au saba kwa wiki.

Katika mashine hizo za mitumba mlikuwa na kipoza ambacho hakisifiwi vya kutosha. Dell OptiPlex za miaka ya 2005 hadi 2010, kama 745, 755 na 780, zilijengwa kwa mpangilio wa BTX. Feni moja kubwa mbele ya sanduku ilivuta hewa ya nje, ikaipitisha kwenye handaki la plastiki hadi kwenye mabamba ya kipoza, kisha ikaitoa nyuma. Hewa iliyofika kwenye prosesa ilikuwa baridi ya chumba, si ile iliyokwisha kupashwa moto na diski na kadi nyingine ndani ya sanduku. Feni kubwa huzunguka polepole, kwa hiyo hata kelele ilikuwa ndogo. Intel iliuacha mpangilio wa BTX mwaka 2006, lakini kwa maoni yangu kipoza hicho cha Dell ni miongoni mwa vilivyofaa sana ukanda huu.

Adui wake ni vumbi. Udongo mwekundu wa volkano unaotupa kahawa, chai na miraa huwa unga laini wakati wa kiangazi. Feni huuvuta pamoja na nyuzi za nguo, na vyote hukwama pale hewa inapoingilia kati ya mabamba, kama matundu ya rejeta ya lori yanavyoziba kwa matope. Tabaka hilo huwa nyuma ya feni, mahali jicho halifiki. Mtu anafungua sanduku, anaona feni inazunguka kwa nguvu, anadhani mambo ni sawa, kumbe hewa haipiti kabisa. Hapo kipoza cha bei ghali na cha bei rahisi huwa sawasawa.

Wakati mitumba ikiendelea kufika, kwingineko vipoza vilikuwa vinakua kama minara. Msingi wake ni mrija wa joto: mrija wa shaba uliofungwa, wenye maji kidogo ndani. Maji huchemka upande wa prosesa, mvuke ukakimbilia upande wa mabamba, ukapoa na kurudi kuwa maji. George Grover aliuendeleza mwaka 1963 katika maabara ya Los Alamos, na baadaye ukatumika kwenye vyombo vya anga. Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, ilitoa NH-D15 mwaka 2014: minara miwili, mirija sita, feni mbili za milimita 140, uzito wa zaidi ya kilo moja na robo. Kwa miaka mingi ndicho kilikuwa kipimo cha wengine. Kisha Thermalright ikaleta Peerless Assassin 120, nayo ina minara miwili na mirija sita, ikakikaribia sana kwa bei isiyofika nusu.

Wapimaji nao walijifunza. Zamani ilitosha kuandika kwamba prosesa ilifika nyuzi 60. Leo mpimaji makini anatoa joto la chumba kwanza, anatumia grisi ileile, na analinganisha feni zikiwa na kelele sawa, kwa sababu karibu kipoza chochote kitapoza vizuri kikipiga kelele kama mashine ya kusaga.

Hapo ndipo Embu na Meru zinapoingia. Chukua kipoza kinachopandisha nyuzi 0.4 kwa kila wati moja. Kwa prosesa ya wati 65, joto litakuwa nyuzi 26 juu ya lile la chumba. Asubuhi ya Julai mjini Meru, chumba kikiwa nyuzi 18, prosesa itakaa 44. Alasiri ya Kiritiri au Tharaka yenye nyuzi 32, itakuwa 58, na bado ni salama. Lakini iweke Prescott ya wati 115 pale Kiritiri nayo itafika 78, ilhali ilipangiwa isizidi takriban 73.

Kuna na mwinuko. Meru iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 16 katika joto lilelile. Feni inasukuma ujazo uleule lakini hewa yenyewe inabeba joto pungufu. Chama cha wahandisi cha ASHRAE, kinachoweka viwango vya vyumba vya seva, kinapendekeza kwa daraja moja la mashine kwamba kikomo cha nyuzi 35 kishushwe kwa nyuzi moja kila mita 300 baada ya mita 900. Kwa Meru hiyo ni nyuzi mbili. Ubaridi wa mlima unazilipa na kubakisha chenji. Katika nyanda za chini za Mbeere, iliko Kiritiri, hakuna ubaridi wa kulipia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kwa kompyuta ya kawaida ya ofisi, shule au saiba katika kaunti hizi, tofauti ya nyuzi tatu au nne kati ya vipoza viwili vizuri haina uzito. Nunua kile ambacho feni yake inatoka kwa mkono au bisibisi moja, chenye mabamba yasiyobanana sana, na kinachofungwa kwa skrubu badala ya pini za plastiki. Mnara wa kilo moja waachie wanaohariri video na wanaofanya hesabu nzito.

Chuo Kikuu cha Embu, na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, vina wanafunzi na vifaa vya kulipima jambo hili kwa hewa yetu wenyewe, juu mlimani na chini kwenye joto. Naomba vifanye hivyo na kuchapisha matokeo kwa lugha ambayo mwenye saiba ataisoma. Na wewe mwalimu wa kompyuta, kabla muhula wa Januari haujaanza, fungua kila mashine, ng'oa feni uone nyuma yake, pulizia vumbi ukiwa nje ya chumba huku umeizuia feni kwa kidole, futa grisi iliyokauka na upake mpya.