Neasden, 1995: Pedi Iliyokosa Tundu

Tarehe 20 Agosti 1995, hekalu kubwa la Kihindu la Swaminarayan lilifunguliwa Neasden, kaskazini-magharibi mwa London. Miongoni mwa waumini wake zimo familia nyingi za Kigujarati zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Siku nne baadaye Windows 95 iliingia sokoni, na tarehe 29 Septemba PlayStation ikafika Ulaya. Kijana wa Neasden angeweza kuwa na kompyuta na pleisteshen katika nyumba moja, lakini pedi ya gemu haikuingia kwenye kompyuta. Tunauliza: kwa nini?

Kikwazo hakikuwa umbo la plagi tu. Kompyuta za wakati ule zilipokea joistiki kupitia tundu la pini 15, ambalo asili yake ni kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Tundu hilo lilipima ukinzani wa umeme: ukisukuma kijiti, ukinzani hubadilika, na kompyuta hukadiria kilipo. Pedi ya PlayStation ilituma tarakimu, moja baada ya nyingine. Basi hata ungelazimisha waya zigusane, vyombo hivi visingeelewana.

Wakalimani wa kwanza walikuwa wapenzi wa gemu wenye waya na risasi ya kulehemu. Waliunganisha pedi na tundu la printa, kwa kuwa programu iliweza kuwasha na kuzima nyaya za tundu hilo mojamoja, kisha wakaeleza wenzao namna ya kufanya.

Mwaka 1996 ikaja USB, lugha ya pamoja. Hata hivyo, Xbox ya 2001 ilisema USB kwa ndani, ila ilivishwa plagi ya peke yake. Watu wakakata waya na kufunga plagi ya kawaida. Mwaka 2005 pedi ya waya ya Xbox 360 ilikuja na plagi ya kawaida, na Microsoft ikatoa programu ya kuiendesha kwenye Windows. Steam iliipokea pedi ya PlayStation 4 mwaka 2016. Sony yenyewe iliandikia Linux programu ya pedi ya PlayStation 5, ikaingizwa mwaka 2021.

Leo tunachomeka na kucheza, tukidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo. Mlango huu ulisukumwa kwanza na wanunuzi walioamini kwamba chombo walichokilipia ni chao, na wana haki ya kukitumia watakapo. Makampuni yaliufungua baadaye.