Mgeni wa Mzazi: Historia ya Kutembelewa Nyumbani kwa Ajili ya Kunyonyesha

Ndugu wasomaji, katika toleo hili la kumbukumbu kamati imeona vema kueleza jambo linalozungumzwa sana na akina mama wetu, wa hapa kambini na wa Nateete, mjini Kampala. Familia nyingi zina mguu mmoja hapa na mguu mwingine kule. Dada zetu waliopanga chumba Nateete hujifungulia Mengo, Lubaga au katika kituo cha afya kilicho karibu, na mara nyingi hurudi nyumbani upesi. Baada ya siku chache mwanamke mwenye mkoba hubisha hodi na kusema amekuja kuona kama mtoto ananyonya vizuri.

Wako wanaofungua mlango, na wako wanaonyamaza ndani mpaka aondoke. Hudhani amekuja kuhesabu watu, kukagua karatasi, au kutazama kama baba yupo ili msaada upunguzwe. Hofu hiyo tunaielewa, kwa maana sisi tumehesabiwa mara nyingi. Lakini mgeni huyu ana historia yake, na anayeijua hatamfungia mlango.

Kwanza tukumbuke kwamba kwetu mzazi hakuachwa peke yake. Bibi, shangazi na mkunga wa kijiji walikaa naye. Walimpikia uji, walimkanda, walimwonyesha namna ya kumpakata mtoto. Vita vilitawanya watu hao. Msichana anayezaa mtoto wa kwanza katika chumba cha kupanga Nateete anaweza asiwe na mwanamke hata mmoja wa ukoo wake karibu. Nafasi ya shangazi imebaki wazi, na ndiyo anayoijaribu mgeni wetu.

Katika mji wa Kampala kazi hii ilianza zamani. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari Albert Cook. Mwaka 1921 ilifunguliwa hapo shule ya wakunga iliyoitwa Lady Coryndon, na Katharine Cook, mkewe daktari, aliisimamia. Wasichana wa Uganda walifundishwa ukunga, kisha wakapelekwa kwenye vituo vya uzazi mashambani. Tangu wakati huo ilieleweka kwamba hospitali iliyo juu ya kilima haitoshi. Lazima mtu mwenye ujuzi awe karibu na mama.

Miaka ya 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alikwenda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miezi kama 9. Aliketi sebuleni pamoja na mkalimani kwa saa kama mbili, akitazama jinsi mama na mtoto wanavyoishi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na wasomi duniani kote wakajifunza kutoka kwa akina mama wa Buganda jinsi upendo wa mtoto kwa mama unavyokua. Ndugu wasomaji, tazameni: mgeni aliyeketi na kutazama kwa subira alijifunza mambo ambayo asingeyapata kwa kuuliza maswali ofisini.

Wakati huohuo wodi za Mulago zilikuwa na watoto wengi waliovimba miguu na nywele zao kugeuka rangi. Ugonjwa huo ni kwashakoo, jina lililotoka Ghana, ambako daktari Cicely Williams aliueleza katika miaka ya 1930. Kule watu waliujua kama ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Watoto walipona hospitalini, wakarudi nyumbani, kisha baadhi wakaugua tena, maana chakula cha nyumbani kilikuwa kilekile. Kwa hiyo mwaka 1965 kilianzishwa Mulago kituo cha Mwanamugimu, yaani mtoto mwenye afya, ambapo mama alikaa na mwanawe na kujifunza kupika kitobero kwa vyakula vya sokoni kwake. Dawa ilikuwa ni kumfundisha mama, wala si chupa ya dawa peke yake.

Adui mwingine alikuwa maziwa ya kopo. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari yule Williams alisema wazi kwamba kuwashawishi akina mama maskini watumie maziwa ya kopo ni sawa na kuua. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa magonjwa ya watoto Makerere, naye aliandika kwa ukali juu ya utapiamlo unaoletwa na biashara. Palipo na maji machafu, kuni ghali na kopo linalotakiwa kutosha wiki mbili badala ya siku chache, mtoto huharisha na kukonda. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, huko Geneva, ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo. Nchi 118 zilikubali, moja ilikataa, nayo ni Marekani, na 3 hazikupiga kura. Hii ndiyo sababu mgeni wetu haji na makopo mkobani. Wanaolalamika kwamba amekuja mikono mitupu wajue kwamba hiyo ni kanuni, wala si uchoyo.

Mwaka 1985 ulifanyika mtihani wa kwanza wa kimataifa wa washauri wa unyonyeshaji. Hata hivyo wenye cheti hicho ni wachache kwetu. Anayebisha hodi Nateete huenda akawa mkunga, muuguzi, au mama wa kujitolea wa timu za afya za vijiji, zile zinazoitwa VHT. Je, mama wa kawaida aliyefundishwa anaweza kusaidia? Jibu lilipatikana Mbale, mashariki ya Uganda, kati ya mwaka 2006 na 2008. Akina mama wa mitaa hiyohiyo walifundishwa, wakawatembelea wenzao nyumbani angalau mara tano, kuanzia kabla ya kujifungua. Watoto walipofika wiki 12, akina mama 82 katika kila 100 waliotembelewa walikuwa wakiwapa maziwa ya mama peke yake. Kwa wasiotembelewa walikuwa 44.

Tusisahau pia jambo la virusi vya UKIMWI. Kuna miaka ambayo mama mwenye virusi alishauriwa asinyonyeshe iwapo angeweza kupata maziwa mengine salama, na wengi hawakuwa na maji safi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo: mama ameze dawa za ARV na anyonyeshe. Uganda ilianza mwaka 2012 kuwapa wajawazito wenye virusi dawa za maisha yote. Basi atakayesikia shauri la zamani kutoka kwa jirani, amuulize mgeni.

Sasa, mama atarajie nini? Mgeni atanawa mikono, atauliza habari za mama mwenyewe kabla ya mtoto: amelala, amekula, ana maumivu wapi? Kisha ataomba kuona mtoto akinyonya. Anatazama kama mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa ziwa, na kama mtoto amekamata ziwa wala si chuchu tu. Anasikiliza kama anameza. Chuchu zikiwa na michubuko, mara nyingi kosa liko katika mkao, na mkao hurekebishwa papo hapo. Atauliza mtoto anakojoa mara ngapi. Baada ya siku ya tano, mara sita au zaidi kwa siku ni dalili njema. Asishtuke mama akisikia uzito umepungua kidogo siku za kwanza. Kwa kawaida unarudi kufikia wiki ya pili.

Atamwonyesha mama kukamua kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe, ili anayekwenda kuuza sokoni asikimbilie chupa. Atasema maziwa ya njano ya siku za kwanza yasimwagwe, na kwamba maji, chai na dawa za mitishamba zingoje miezi sita. Mama mkwe na baba wakiwapo ni vizuri, wasikie wenyewe. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na joto kali, akipumua haraka au akipata degedege, asingoje mgeni, apelekwe hospitali mara moja.

Mama naye ana haki zake. Anaweza kuuliza mgeni ametumwa na nani, kuomba mwanamke anayejua lugha yake, kukataa kuguswa, na kutaka siri zake zitunzwe.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna ombi moja. Msiichanganye ziara hii na kazi ya kuhakiki majina. Mkono ulioshika orodha ya kuhesabu watu usije siku moja na mkono unaoshika mtoto, maana mlango ukifungwa kwa ajili ya orodha, mtoto ndiye anayekosa.

Na kwenu akina mama wa Nateete na wa kambini, akibisha hodi mkaribisheni, mpeni kigoda, mwonyesheni mtoto. Anayejua zaidi ya wenzake baadaye naye aende kwa jirani aliyejifungua jana.