Bei ya Nakala: Albamu za Harusi Tarime na Serengeti

Kwa muda mrefu, bei ya nakala ya albamu ya harusi katika wilaya za Tarime na Serengeti ilitegemea swali moja: negativu imo kabatini kwa nani? Aliyekuwa nayo ndiye aliyetaja bei, na karibu mara zote alikuwa mpiga picha.

Picha za mwanzo za watu wa huko hazikuwa na nakala iliyobaki nyumbani. Max Weiss, ofisa Mjerumani aliyeshiriki kazi ya kupima mpaka wa Wajerumani na Waingereza, aliwapiga picha Wakurya na kuzichapisha katika kitabu kilichotoka Berlin mwaka 1910. Wamisionari wa Maryknoll, waliofika Musoma mwaka 1946, nao walikuja na kamera, na picha zao nyingi zilitazamwa Marekani. Mwenye sura hakuuziwa nakala. Hakuulizwa hata kama anaitaka.

Harusi ya kanisani, yenye shela na suti, ndiyo iliyoleta mteja wa albamu. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971 iweke ndoa za dini, za kiserikali na za kimila chini ya sheria moja, cheti ndicho kilichosimama kama ushahidi mbele ya serikali. Mbele ya ukoo ushahidi ulikuwa ng'ombe, na albamu ilikaa katikati. Kwa Wakurya, ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya binti mara nyingi ndio waliokwenda kumtafutia kaka yake mke. Ndoa moja iligusa basi maboma kadhaa: kwao bwana harusi, kwao bibi harusi, kaka aliyesubiri mifugo, pamoja na wasimamizi wa kanisani. Albamu moja haiwezi kulala katika nyumba nne. Soko la nakala lilizaliwa hapo.

Hesabu ya mpiga picha ilikuwa hivi. Mkanda mmoja ulitoa picha 36. Ili zionekane ilibidi mkanda usafishwe, na kwa picha za rangi kazi hiyo ilihitaji mashine, nazo zilikuwa mijini. Kutoka Tarime, Mwanza iko zaidi ya kilomita 250 kwa barabara, na kutoka Mugumu, wilayani Serengeti, safari ya kufika mjini si nyepesi pia. Albamu ya kwanza ilibeba gharama zote: mkanda, kusafisha, nauli, siku nzima ya kusimama juani. Nakala haikudai mkanda mpya wala siku nyingine ya kazi. Ilidai karatasi, nauli na albamu tupu. Kwa haki ingekuwa rahisi mno. Tatizo ni kwamba nauli haikugawanyika. Aliyekwenda mjini na negativu kwa ajili ya picha tano alilipa sawa na aliyebeba maagizo ya harusi tatu. Ndiyo maana nakala zilizoagizwa pamoja na albamu ya kwanza zilikuwa na unafuu, na ile iliyokumbukwa baada ya miezi minane ilipata bei ya kushtua. Mteja aliona tamaa. Mpiga picha aliona tiketi ya basi. Wote walikuwa na ukweli kidogo, ingawa mpiga picha alijua pia kwamba mteja hana pa kwenda.

Sheria haikuwa upande wa mpiga picha kila wakati. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyoenezwa hadi Tanganyika katika miaka ya 1920, ilimpa hakimiliki ya picha mtu aliyeiagiza na kuilipia, kama hapakuwa na makubaliano mengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaanza na aliyeitunga kazi. Katika vijiji vya Tarime na Serengeti tofauti hiyo ilikuwa na uzito mdogo kuliko ufunguo wa kabati.

Uchumi ndio uliotikisa bei kuliko sheria. Filamu, karatasi na dawa zote zilitoka nje, na uhaba wa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera ulizifanya kuwa adimu. Kisha shilingi ikaanguka: mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, na mwaka 1990 karibu 195. Bei ya nakala iliyotajwa siku ya harusi haikuweza kushikiliwa hadi mtoto wa kwanza azaliwe. Jirani na mpaka wa Sirari, ambako shilingi ya Kenya nayo hupokelewa, kulikuwa na pesa mbili za kupimia hasara hiyo.

Kamera za dijitali zilivunja utaratibu wote. Picha ikishatumwa kwa simu, nakala ya pili haina gharama, na hakuna kabati la kufunga. Wapiga picha wamehamishia malipo mwanzoni: kianzio kabla ya harusi, bei moja inayojumuisha albamu, softikopi kwenye flashi na idadi ya nakala iliyotajwa. Kinachobaki kuuzwa baadaye ni albamu zilizochapwa kama kitabu, kwa sababu simu haitoi karatasi nzito.

Negativu za zamani zimeachwa zikiharibika kwa unyevu na vumbi, au zimetupwa studio zilipofungwa. Anayetaka nakala ya albamu ya mwaka 1985 huichomoa picha yenyewe, huipeleka ikaskaniwe, na hulipa kwa ukubwa wa karatasi.