Barua ya Lumumba kwa bibi yake

Familia nyingi zilizokimbia Kamanyola na vijiji vya bonde la Ruzizi zinajua ugumu wa kutuma neno bila kujua kama litafika. Patrice Lumumba naye aliujua. Akiwa amefungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, alimwandikia bibi yake, Pauline Opango, kwa Kifaransa. Kabla ya siasa yote alimwambia hajui kama maneno yatamfikia, wala kama yeye mwenyewe atakuwa angali hai siku atakapoyasoma. Alitaja pia watoto, ambao pengine hatawaona tena.

Hofu hiyo ni ya kale. Mwaka wa 58 kabla ya Yesu, Cicero, mkubwa wa Roma aliyefukuzwa mjini na nyumba yake kubomolewa, alimwandikia bibi yake Terentia huku akilia. Posta ya raia haikuwepo. Matajiri walituma watumwa wao au msafiri wa kuaminika. Huyo angalau alirudi, mwaka uliofuata.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Barua ilichapishwa mwaka ule ule. Maiti Pauline hakupewa. Ubelgiji ilirudisha jino moja tu, mwezi wa sita 2022, Pauline akiwa amekwisha kufariki tangu 2014.