Daraja la Meno na Uzi wa Kulisafishia

Daraja la meno ni jino bandia, moja au zaidi, linaloziba pengo kwa kushikiliwa na meno ya jirani. Kwa kawaida meno hayo huchongwa na kuvishwa kofia, na jino la katikati huegemea ufizi bila kuwa na mzizi. Kwa kuwa sehemu zote zimeungana, mswaki haufiki chini yake, wala uzi hauwezi kuteremshwa kutoka juu kama inavyofanyika kati ya meno mawili ya asili. Ufundi wa kuziba pengo ulitangulia ule wa kusafisha chini yake kwa zaidi ya miaka 2,000.

Waetruski wa Italia ya kati walifunga meno ya kubandika kwa mikanda ya dhahabu tangu karne ya 7 KK, na Wafoinike wa Sidoni walitumia waya wa dhahabu. Mwaka 1728, Pierre Fauchard wa Ufaransa alichapisha kitabu kikubwa cha utabibu wa meno, akieleza jinsi ya kutengeneza meno bandia kwa pembe na meno ya wanyama. Vifaa hivyo vilinyonya mate, vikanuka na kuoza.

Mwishoni mwa karne ya 19, madaraja ya dhahabu yalienea sana Marekani, na mengi yalijengwa juu ya mizizi iliyokwisha kuoza. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, daktari William Hunter kutoka Uingereza alishutumu vikali kazi hiyo: dhahabu iling'aa juu, usaha ukajificha chini. Shutuma zake ziliwasukuma madaktari kung'oa meno mengi, hata mazima, na wimbi hilo lilidumu hadi miaka ya 1930. Lakini kiini cha hoja yake kilikuwa cha kweli, na kilisaidia kuwafanya mafundi waanze kuunda daraja linalosafishika: jino bandia laini, lenye tumbo la mviringo, linalogusa ufizi kwa wepesi au kuacha nafasi chini yake.

Chombo cha kusafishia nafasi hiyo kilikuwa na historia yake. Mwaka 1819, Levi Spear Parmly, daktari wa meno wa New Orleans, alichapisha kitabu kilichowahimiza watu kupitisha uzi wa hariri uliotiwa nta kati ya meno. Sababu ya ushauri huo ilieleweka vizuri zaidi mwaka 1890, pale Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alipoonyesha kuwa bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayokula jino. Kampuni ya Codman & Shurtleff ilikuwa tayari imeanza kuuza uzi wa hariri wa kusafishia meno mwaka 1882, na Johnson & Johnson ikapata hataza yake mwaka 1898. Katika miaka ya 1940, Charles Bass, daktari mwingine wa New Orleans, aliutetea uzi wa nailoni, ambao haukatiki ovyo kama hariri.

Kwa daraja, uzi ulihitaji njia ya kuingilia ubavuni. Ndipo vikaja vitanzi vya plastiki mfano wa sindano, na nyuzi zenye ncha ngumu na sehemu nene kama sifongo. Ncha huchomekwa kati ya kofia na jino bandia, karibu na ufizi, kisha huvutwa upande wa ulimi. Sehemu nene husuguliwa taratibu huku na huko chini ya jino bandia, halafu kwenye ubavu wa kila jino linalolishikilia daraja. Brashi ndogo za katikati ya meno hufanya kazi hiyo palipo na nafasi ya kutosha, na kifaa cha kurusha maji, kilichobuniwa Colorado mwaka 1962, huondoa mabaki ya chakula.

Dhahabu na kauri za kutengenezea daraja hazitoboki kwa asidi. Kinachooza ni jino la asili lililo chini ya kofia, hasa pale kofia inapoishia. Kwa hiyo daraja hudumu kadiri meno yanayolibeba yanavyotunzwa, na utunzaji huo ni wa kila siku.